Wifi, Tumefika Ufunuo

Wifi yangu Felista,

Darasa lako la Biblia la Kasense tumelimaliza Jumapili. Hadi leo nacheka peke yangu kwenye kibanda cha mitumba, wateja wananishangaa.

Ulipofariki, katekista alinikabidhi Biblia yako nifundishe badala yako. Nilikataa. Unanijua: mistari ninayo kwa kichwa, lakini ukiniuliza kati ya Musa na Daudi nani alitangulia, najikuna. Ulikuwa ukinisuta, "Wifi, wewe unaonja onja tu. Soma toka mwanzo." Nami nakubishia kwamba Agano la Kale halinihusu. Tukaachana hivyo, ukaugua, ukaenda. Iliniuma, wifi. Iliniuma mno. Mwisho nikakubali.

Mwanafunzi aliyenitoa jasho ni Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia huku na mumewe na ng'ombe wao. Biblia hakuwahi kuisikia kabisa. Abrahamu alipoambiwa ahame, akapiga makofi: "Kama sisi!" Ndugu zake Yusufu walipomuuza, alinuna hadi togwa ikamshinda kunywa. Kila nikifunga kitabu, anauliza, "Halafu ikawaje?"

Krismasi ilipokaribia nikataka kurukia Bethlehemu. Akanikatalia mbele ya wote: "Mwalimu, bado. Abrahamu aliahidiwa kwamba kwa uzao wake mataifa yote yatapata baraka. Na sisi tumo. Sasa huyo mtu mbona hatujamwona?"

Nikarudisha kurasa. Tukaendelea polepole: jangwani, kwa wafalme, utumwani Babeli, kwa manabii. Krismasi ikatupita. Siku tuliyofungua Mathayo, nikaanza ile orodha ya majina niliyozoea kuiacha. Abrahamu. Daudi. Nilipofika kwa Yesu, Mama Kulwa akasimama: "Ndiye huyo! Amefika!" Akapiga kigelegele, darasa zima likapokea. Mimi nalia. Wifi, ni habari moja! Toka bustani ya kwanza hadi mji ule wa mwisho katika Ufunuo, Mungu anatafuta kukaa na watu wake. Miaka yote nilikuwa nimeshika vipande.

Mama Kulwa atabatizwa Pasaka, nami nitamsimamia. Kaka yako hajambo. Siku hizi sabuni imejaa madukani, foleni zile ulizoziacha tumezisahau.

Watu wa Mwimbi nao wanaomba darasa. Nakuahidi, tukishavuna ulezi nitakwenda, hata kibanda kifungwe.

Nisamehe ubishi wangu. Lala kwa furaha, wifi, hadi atakapotuamsha sote.

Wifi yako,
Skola