Umeikataa Nafasi

3 Februari

Mwanangu,

Sijui hata nianze na salamu gani, ila u mzima? Mimi mzima, magoti tu yananisumbua kama kawaida. Baba yako mdogo anakusalimu, hajui kitu bado.

Sasa nieleze. Dobi wa hapa chini amerudi safari, anasema amekuona kwenye lango la chuo cha ufundi umevaa ovaroli la bluu. Nikamcheka. Nikamwambia wangu yuko kwa shangazi yake, anasubiri chuo kikuu kifunguliwe. Kumbe wa kuchekwa ni mimi! Nimempigia shangazi yako, akabaki "eeh, aah", mara simu ikakatika.

Miaka kumi na tisa napiga deki pale chuo kikuu, nimeanza nikiwa nimekubeba mgongoni. Walipobandika orodha ya waliochaguliwa, mpishi wa kantini alinisomea jina lako mara tatu, maana macho yangu yalijaa machozi. Wewe nafasi hiyo unaiacha ukafunge nati?

Karani wa usajili, yule mwenye sauti ya kukwaruza, anasema utarudishiwa nafasi ukiwahi kabla ya tarehe ishirini na nane. Fungasha urudi.

Mama yako

11 Februari

Shikamoo mama,

Pole na magoti, paka ile dawa usiiweke kabatini kama pambo. Mimi nakula, nalala, sina homa wala kikohozi.

Nisamehe kwa kukuficha, na shangazi usimgombeze, nilimwapisha. Mama, hapa tunafundishwa kutengeneza mashine za hospitali. Wiki jana tumefungua kitanda cha joto cha watoto njiti, kilitupwa stoo miaka miwili, kumbe waya mmoja tu umetafunwa na panya! Fundi wetu hana hata shahada, lakini akitega sikio anajua mashine inaumwa nini. Wanaomaliza hapa wanagombewa na hospitali. Chuo kikuu ni jina tu, mama. Hapa napata ujuzi wa mikono, na wenzangu ni watu wazuri, na bweni ni safi, na maji hayakatiki.

Naomba usinililie.

Mwanao

17 Februari

Mwanangu,

Salamu nimezipokea, na dawa nimepaka. Barua yako nzuri, ila tangu mdogo wewe ukidanganya unaongea sana.

Karani amenifungulia faili. Ulijitoa siku ileile mlipoletwa kutembezwa chuoni. Asubuhi umetoka nyumbani unaimba, mchana umesaini kujitoa. Hapo katikati kuna mtu alikufanya kitu. Ni mhadhiri aliyewatembeza, yule wa viatu vya kung'aa, sivyo?

Mwanangu, nimeshindwa kujizuia. Jana nimemkuta koridoni na wageni wake, nikamuuliza mbele yao: binti yangu umemfanya nini? Akawa anababaika, mimi napandisha sauti, mpaka msimamizi wangu akaja kunishika mkono. Nimesimamishwa kazi, nasubiri kikao. Sijutii. Niambie tu alichokufanya, nikakiseme huko.

Mimi mama yako mzazi

23 Februari

Shikamoo mama,

Sijui kama utaitikia ukimaliza kusoma.

Mhadhiri hakunigusa. Hakuna aliyenifanya kitu. Ni mimi.

Siku ile tulikuwa kumi na wawili. Ulikuwa unapiga deki mlangoni pa ukumbi mkuu, uliponiona ukatabasamu, ukainua mkono. Msichana aliyekuwa kando yangu akakanyaga palepale ulipomaliza, akasema, "Hawa nao, hawana muda mwingine wa kudeki?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, mama. Nikakupa mgongo, nikamuuliza mhadhiri maktaba iko wapi. Nilipogeuka ulikuwa umeinama unafuta nyayo zetu, na zangu zilikuwemo.

Nikaenda moja kwa moja kusaini. Ningepitaje mlango ule miaka minne? Mashine nazipenda kweli, sikudanganya hapo, lakini sikuja kwa ajili yake. Nilikuja kujificha.

Ndani ya bahasha kuna barua ya kikao. Nimeandika yote, nimesaini. Wape wakurudishe kazini. Niadhibu utakavyo, ila usininyamazie.

Mwanao

20 Machi

Shikamoo mama,

Hujambo? Barua uliipata? Tarehe ishirini na nane imepita, sikurudi, sikujua narudi kwa nani. Nikipiga simu haipokelewi, na shangazi anasema u mzima, basi, hasemi zaidi. Ninakula kidogo. Niandikie hata matusi.

Mwanao

9 Aprili

Marahaba.

Mimi mzima. Kula.

Barua ya kikao niliipeleka mwenyewe. Ikasomwa kwa sauti, watu saba wamekaa, mimi nimesimama. Alipofika pale ulipoandika "nilimcheka mama yangu", msomaji aliniangalia kwanza, kisha akasoma. Nilitamani sakafu ipasuke. Nimemwomba mhadhiri radhi, kaipokea kiungwana. Kazini wamenirudisha, ila wamenihamishia mabwenini.

Sasa sikia na langu. Nilikuona ukicheka, sikungoja kuambiwa. Nilipoingia stoo kubadilisha maji, mwenzangu akauliza, "Yule si binti yako?" Nikamjibu, "Wapi! Wangu hakuja leo." Wewe ulinikana kimyakimya. Mimi nilikukana kwa mdomo wangu, tena bila kupepesa. Ndiyo maana nikamvaa mhadhiri wa watu. Nilikuwa naujua ukweli, nikatafuta mwingine wa kuubeba.

Sijakusamehe, sikufichi. Najaribu, bado. Na sijui kama mimi mwenyewe nimejisamehe. Nafasi imeshachukuliwa, usirudi. Baki utengeneze hizo mashine, na uzijue vizuri.

Lakini Jumamosi ijayo nakuja huko. Basi linafika saa nne. Usinipokee peke yako. Njoo na darasa zima, na huyo fundi wenu akiweza. Nikishuka, usinisogelee kwanza. Simama hapohapo katikati yao, uniite mama, kwa sauti.

Mama yako