Vyura Waliomzuia Kristiana Kwenda Mbeya

Izia, Sumbawanga,
Ufipa.
Jumapili, 21 Novemba 1954

Kaka yangu mpendwa Ignasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Korogwe, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mkonge ulichotuandikia kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, anakula vizuri na analima kuliko sisi vijana. Mke wangu Zita naye hajambo, na anataka salamu zake zitangulie hapa juu, maana anasema nikifika mwisho wa barua huwa namsahau.

Barua yako ya tarehe 25 Oktoba niliipata Jumatano iliyopita. Niliona mistari inapanda na kushuka, nikajua uliandika ukiwa huna raha. Kwa hiyo sitakuzungusha: mkeo Kristiana ni mzima. Hakwenda Mbeya. Hakupasuliwa. Ninapoandika haya yuko jikoni na Zita wanasonga ugali wa ulezi, nawasikia wanacheka. Sasa kaa chini nikueleze yote kwa mpango, maana habari yenyewe ni ndefu, na inahusu vyura.

Ulipoondoka Julai, baada ya kuvuna ulezi, kazi yangu hospitalini ilikuwa ni ile ile ya kupima damu na choo kwa darubini. Mwezi wa Agosti Daktari Pengeli akaniongezea nyingine. Alinituma mtoni nimtafutie vyura wa majini, wale bapa wenye kucha nyeusi kwenye miguu ya nyuma. Wataalamu wamegundua kwamba ukimdunga chura jike wa namna hiyo mkojo wa mwanamke mwenye mimba, kabla siku haijaisha anataga mayai. Ukimdunga mkojo wa asiye na mimba, hatagi. Vyura wa kazi hiyo husafirishwa kutoka Afrika ya Kusini, na Daktari alitaka kujua kama hawa wetu wa Ufipa wanaiweza pia.

Niliwatega kwa mgono wa kunasia samaki, chambo kikiwa vipande vya maini, nikapata thelathini na wawili. Nikawaweka katika madebe ya maji chini ya dirisha langu, na hospitali nzima ikaanza kuniita Bwana Chura. Mpaka mwisho wa Septemba tulikuwa tumepima wanawake kumi na tisa, na kwa wale ambao mimba ilishaonekana kwa macho, vyura hawakukosea hata mara moja.

Mwanzoni mwa mwezi huo wa Septemba shemeji alikuwa ameshuka Kirando, kule ziwani, kununua dagaa wa kuuza. Alirudi na homa, na baada ya homa maumivu ya tumbo, akatokwa na damu siku tatu. Kisha akagusa kitu kigumu chini ya kitovu. Akanyamaza nacho wiki mbili, mpaka Mama alipomwona anajishika ubavu akiinua mtungi, akamleta hospitali mwenyewe.

Kaka, mmeoana miaka tisa. Hakuna aliyefikiria mimba, hata yeye mwenyewe. Daktari alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni kwa kuwa mimi ni ndugu. Akasema ameona uvimbe, na kwamba damu ile haimpendezi. Huenda ni uvimbe wa kawaida, huenda ni saratani. Dawa ya kuumaliza hana, hivyo lazima Kristiana apelekwe Mbeya kwa mpasuaji, na ajiandae kutolewa kizazi. Jioni hiyo Zita ndiye aliyekuandikia ile barua iliyokukosesha usingizi. Yunusu, yule mwenye duka na lori, akamwekea nafasi mbele kwa dereva, safari ya Alhamisi.

Lakini Daktari akasema kabla mtu hajapasuliwa ni vema kuondoa shaka zote, hata zile ndogo. Akataka tumpime kwa chura. Kumwomba mke wa kaka yangu mkojo wake, hata kwa utani wetu wa shemeji, kulinishinda. Zita ndiye aliyeileta chupa, ameifunika kwa kanga yake.

Nilimdunga chura Jumatatu asubuhi. Saa sita alikuwa amekufa, miguu imenyooka. Nikamdunga wa pili, naye akafa. Daktari aliniuliza kama nilichemsha sindano, nikamwambia nilichemsha. Akasimama juu ya debe, mikono nyuma.

"Chura aliyekufa hajasema ndiyo wala hajasema hapana," akasema. Akafungua daftari aandike kwamba kipimo kimeshindikana na safari ya Mbeya iko pale pale.

Mimi, kaka, roho haikutulia. Wanawake kumi na tisa, na hakuna chura hata mmoja aliyekufa. Mkojo wa shemeji una nini? Nilimwomba Daktari anipe ruhusa mpaka jioni, nikaja nyumbani karibu mbio.

Nilimkuta Kristiana anapanga nguo za safari. Nikamuuliza:

"Shemeji, umemeza dawa gani?"

Kwanza alikana. Nikamweleza kwamba vyura wangu wawili wamekufa, na kwamba simtafutii makosa. Akakaa juu ya kitanda, akatoa chini ya mto karatasi yenye vidonge vya kwinini.

"Viwili asubuhi, viwili jioni," akasema. "Tangu Kirando."

Homa ilikuwa imekwisha siku nyingi. Alikuwa ameendelea kumeza kwa kuwa alidhani kile kigumu ni bandama iliyovimba kwa homa, na kwamba kwinini ikizidi itakiyeyusha asipasuliwe. Masikio yalikuwa yanamvumia mchana kutwa, na hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini alificha, alisema neno ambalo ameniruhusu nikuandikie: "Wakinitoa kizazi, Ignasi atarudi nyumbani kwa nani?"

Nilichukua ile karatasi nikarudi hospitali.

Daktari hakunicheka. Aliniuliza nitajuaje kwamba ni kwinini iliyoua, na si homa yenyewe, wala udhaifu wa vyura. Nikasema tuwajaribu. Akanifundisha namna ya kujaribu bila kujidanganya: wachaguliwe wa ukubwa mmoja, kutoka debe moja, na wengine wasipewe dawa kabisa ili tuwe na wa kuwalinganisha.

Jumanne asubuhi nilichukua vyura wanane. Wawili niliwadunga maji matupu. Wawili maji yenye kwinini. Wawili mkojo wangu mimi mwenyewe, na hapo madresa, wale wafunga vidonda wetu, walicheka mpaka wakashika ukuta. Wawili wa mwisho mkojo wangu uliotiwa kwinini. Kufika alasiri, wale wa maji matupu walikuwa wanaogelea, na wale wa mkojo wangu wanaogelea. Wale wanne wa kwinini wote walikuwa wamekufa. Niliwasikitikia, usinicheke, kwa maana ni mimi ninayewalisha na nilikuwa nimeanza kuwatambua sura. Nikawafukia nyuma ya bustani ya hospitali.

Daktari aliyaandika yote, akahesabu tena kwa mkono wake, kisha akatembea kwa miguu mpaka dukani kwa Yunusu kumwambia lori liende bila mgonjwa. Akamkataza shemeji kwinini, akampa dawa nyingine ya homa, na akaamuru anywe uji na maji mengi, tungoje siku nane damu isafike. Baadaye aliniambia kwamba kwinini nyingi namna ile ingeweza kuharibu mimba, kama ipo. Nilishukuru kwamba hakunieleza mapema, maana nisingelala.

Jumatano tarehe 13 Oktoba tukapima upya, vyura watatu. Niliwadunga saa mbili asubuhi. Mpaka saa saba hakuna kitu. Nilitoka kwenda kupima makohozi ya wagonjwa wengine, nikiwa sioni vizuri ninachokitazama. Saa tisa nikarudi nikainama juu ya debe la kwanza.

Kaka, mayai yalikuwa yametapakaa ndani ya debe, chini kabisa, kana kwamba mtu amemwaga kiganja cha ulezi. Debe la pili hivyo hivyo, na la tatu pia. Nilijaribu kuyahesabu nikapotea mara tatu, nikaacha. Nikaenda mlangoni, nikatazama ua, nikarudi kuona kama bado yapo. Yapo.

Daktari alifurahi, lakini hakutaka tushangilie kabla ya wakati. Alimwita Kristiana, akamketisha, akamweleza yote mawili kwa Kiswahili chake cha taratibu. Kwamba karibu kila mara mayai yale maana yake ni mimba. Kwamba uko pia ugonjwa mmoja wa kizazi, wa nadra, unaoiga mimba hata chura akadanganyika, na wakati mwingine hugeuka saratani. Hawezi kuutenganisha na mimba kwa chura. Wakati tu ndio utakaoonyesha.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Huo ugonjwa una moyo?"

"Hauna," Daktari akasema.

"Basi nitasubiri moyo."

Alipotoka nje alitukataza sote tusikuandikie. Alisema hawezi kukupa mtoto kwa barua na kukunyang'anya kwa barua nyingine. Nami nikatii, na kwa hilo naomba unisamehe. Wiki tano nimekuacha na ile habari ya Mbeya peke yake, na kila nilipopita posta niligeuza uso.

Katika wiki hizo alikuwa anakwenda shamba na Mama, anapanda, anarudi, anakula. Hakuuliza kitu. Siku kumi zilizopita alimshika Zita mkono kwa nguvu wakiwa kisimani, akasema kuna kitu kimemruka tumboni kama dagaa aliye hai kiganjani.

Ijumaa, yaani juzi, siku ya miadi ilifika. Daktari ana kipembe cha mti, anakiweka tumboni na sikio juu yake. Mimi nilibaki nje ya pazia, kama inavyopasa. Nilisikia Daktari anahamisha kipembe, anahamisha tena. Kisha nikamsikia anahesabu chini kwa chini, akifuata saa yake ya mkononi. Akaacha kuhesabu, akamwita Mama asogee, akamwonyesha namna ya kuweka sikio.

Unamjua Mama, kwamba si mtu wa maneno. Alikaa pale mpaka nikadhani hasikii kitu.

"Yumo," akasema. "Anakwenda mbio."

Kristiana alilia kwa sauti, kisha akaanza kucheka, kisha yote mawili pamoja. Mimi nje ya pazia nilikalia ndoo iliyokuwa na maji. Madresa wamesema hawatanisahaulisha siku hiyo.

Ndiyo hivyo, kaka. Wewe ni baba. Daktari anahesabu mtoto atazaliwa mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Hakuna uvimbe mwingine aliougusa, na shemeji ana afya. Daktari atamwona kila baada ya wiki mbili.

Mambo mengine ni haya. Daktari anapeleka Dar es Salaam taarifa ya vyura wa Ufipa na ya kwinini, na ameandika jina langu chini ya lake. Nimeliona kwa macho yangu, Beda Kasonso, limepigwa chapa. Sasa hospitalini hatumpimi mwanamke yeyote kabla ya kumuuliza amemeza nini, na Zita ndiye huitwa kuwauliza wale wanaoona haya. Mvua zimeanza vizuri. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Baba mdogo Felisiani wa Msanzi alikuja jana aliposikia, akakaa hapa mpaka jioni akimtazama Kristiana kama anayehakikisha hatoroki.

Mkataba wako unaisha Februari. Najua utaombwa uongeze. Mtoto anakuja Machi; mimi sisemi zaidi.

Yunusu na jamaa zake wa dukani wanakusalimu. Felisiani anakusalimu, na Mama anakuombea kila asubuhi kabla hajatoka kwenda shamba. Tusalimie Adolfu na ndugu wote wa Ufipa mlio nao huko kambini, uwasomee sehemu ya ndoo ukipenda. Mungu akulinde na mitambo ile ya mkonge, akufikishe kwetu salama na mikono yako yote miwili.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,

Beda

Mume wangu Ignasi, haya ni maandishi yangu mwenyewe. Beda ameandika sana habari za vyura wake. Mimi sina mengi. Usitume kitu, wala usininunulie kitu. Anacheza sasa hivi ninapoandika, ndiyo maana herufi zimepinda. Njoo uweke mkono.

Kristiana