Usimrudishe Jaliah Buwenge

Nakaloke, Mbale
9 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Sulait,

Asalaam aleikum. Huko Moroto mnalalaje? Vumbi limekuachia kifua? Unakula, au unaramba posho ya jeshi na kusema umekula? Mimi Jaja yako ni mzima. Magoti ndiyo yanayolalamika nikiinama, lakini nayo yamefanya kazi, yana haki. Kuku wako wamebaki wawili. Mmoja aliliwa na wageni, usiniulize wageni gani.

Anayeandika ni jirani yetu Wilkista, mke wa yule askari wa magereza. Mkono ni wake, mdomo ni wangu, na nimemwambia asipambe. Ningekupigia simu, lakini wewe sauti yangu ikipanda unasema netiweki imekatika. Barua haikatiki. Afande Conrad anarudi kambini kesho, atakupa mkononi.

Binti yako Rashidah hajambo. Ana mashavu, anamchekea kila mtu, hata mbuzi. Ni ile nyonga ya kushoto tu, mfupa haujakaa kwenye kikombe chake. Madaktari wa Mbale wamemvisha mikanda kutoka mabegani mpaka nyayoni, miguu imekunjwa na kupanuliwa kama ya chura, na anakaa nayo mchana na usiku. Wanasema kwa kuwa bado mchanga mfupa utarudi mahali pake, naye atatembea kama wenzake. Mtoto mwenyewe hana habari. Anayeumwa ni mama yake.

Nilipotoka kwangu Mpumudde nilimwachia jirani Namukose duka langu, nikasema nakuja kuwasalimu tu. Nikamkuta Jaliah amekonda shingo. Mtoto hawezi kuogeshwa kwenye beseni la maji ya majani ya dawa kama tulivyowaogesha nyinyi wote, anafutwa kwa kitambaa. Mgongoni habebwi. Bombani wanawake wanauliza kwa nini amefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni, basi Jaliah anangoja waondoke ndipo aende kuchota. Akinyonyesha anajifunika, na si titi analoficha, ni mikanda. Aliniambia, "Jaja, mtoto nimezaa, lakini kazi zote za mama wameninyang'anya."

Shangazi yako Hajarah, niliyemzaa mwenyewe, ndiye aliyeanza neno la amakiro. Unajua watu wetu wanavyosema, kwamba mama akitembea na mwanamume mwingine akiwa na mimba, ugonjwa huo unamshika yeye na mtoto. Akasema mtoto alikuja kwa matako, na sasa nyonga, hiyo si bure. Alisema jikoni, Jaliah akisikia. Nikaweka mwiko chini.

"Wewe Hajarah," nikamwambia, "wewe mwenyewe ulikuja kwa matako. Basi niambie baba yako ni nani, maana mimi nilidhani namjua."

Wilkista alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini. Hata sasa anacheka, ndiyo maana mwandiko umepinda hapa. Daktari naye ametuambia kwamba watoto wanaotanguliza matako, hasa wasichana wa kwanza, ndio wanaokutwa na nyonga za namna hii. Hakuna aliyetembea na mtu.

Lakini neno lilikuwa limeshakufikia Moroto. Ukamtumia Hajarah ujumbe kwamba Jaliah aende kwao Buwenge na mtoto mpaka mambo yaeleweke. Mambo gani, Sulait? Daktari wa mtoto yuko hapa. Ukimtoa Jaliah, unamtoa mtoto kwenye matibabu, na mkeo anaingia kwa baba yake amebeba aibu isiyo yake.

Sasa sikiliza jambo alilonituma Jaliah mwenyewe, kwa sababu anaogopa utalisikia kwa mdomo mwingine.

Juma lililopita tulikwenda kliniki. Nesi akaona mikanda imepita kombo, mguu mmoja umelegea. Akauliza ni nani aliyeifungua. Mimi nikajua ni Hajarah na majani yake ya kuogeshea. Nikaanza kumsema mbele ya watu, wala sikubakiza. Jaliah akanivuta leso.

"Ni mimi, Jaja."

Ilikuwa Ijumaa kabla ya kliniki, wanaume wako msikitini, Hajarah sokoni, mimi nimelaza magoti yangu. Alifungua mikanda, akamfunga Rashidah mgongoni kwa leso, akatembea naye uani. Hakwenda popote. Alianua nguo, akaimba, mtoto akalala. Anasema alisikia joto la tumbo la mwanawe mgongoni, akajiona mama kama wengine. Kisha akataka kumrudishia mikanda, akasahau upi unapita wapi. Tangu siku hiyo alikuwa halali, akidhani amemlemaza mtoto wake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini halali. Hata mimi ninayejifanya naona kila kitu.

Nilimngojea nesi afoke, nimfokee nami. Hakufoka. Alimwita daktari, wakaitazama nyonga, wakasema haijaharibika ila asirudie. Nesi akamfunga mtoto upya taratibu, akamwongoza Jaliah mikono mpaka akaweza mwenyewe. Halafu akaketi naye kwenye benchi. "Mama, wengi wanafungua," akamwambia. "Wanaosema ni wachache." Akamwambia pia kwamba siku daktari akiitoa mikanda kabisa, mgongoni ndipo pazuri pa mtoto huyu, miguu ikikumbatia kiuno cha mama. Hapo Jaliah akalia. Sikumnyamazisha. Kuna kilio ukikizuia kinaoza ndani.

Niliporudi nilimwomba Hajarah msamaha kwa yale ya kliniki. Kwa lile la jikoni sikumwomba.

Mjukuu wangu, nimekufuta kamasi tangu hujui jina lako, kwa hiyo sikufichi: umekosea. Kumsikiliza shangazi ni heshima. Kumhukumu mkeo bila kumsikiliza ni uvivu, na sisi hatukuzaa mvivu. Kama una hasira ya ile Ijumaa, nitumie mimi, ninayo nafasi ya kuiweka. Jaliah haendi Buwenge. Nimeagiza nguo zangu zote kutoka Mpumudde, tunalala chumba kimoja, na kitanda changu kiko upande wa mlango.

Kaka yako Muhammed anakusalimu. Baba mkwe wako, mzee Isabirye, anakusalimu kutoka Buwenge. Hajui lolote, na hana haja ya kujua. Hajarah ameniambia nimtaje, nimemtaja. Wilkista anasema mkono umemuuma.

Ukipata ruhusa, njoo moja kwa moja hapa. Kila anayeingia nyumba hii anainamia miguu ya mtoto, anaifunua, anatikisa kichwa, anaondoka, na mama amesimama pale kama nguzo ya nyumba. Wewe usifanye hivyo. Mtazame kwanza Jaliah usoni, umwite jina lake, umwambie asante. Miguu ya mtoto itakungoja, kwa sasa haiendi popote.

Mwenyezi Mungu akufunike huko uliko, akurudishe na mikono yako yote miwili, maana hapa wa kubebwa ni wawili.

Wako nikupendaye na nisiyekuogopa,
Jaja Nabirye