Giaboksi Iliyoungua Mlimani

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Hapa Masoko tu wazima, bibi yako anakusalimu. Hii ni barua yako ya tatu unaniuliza namna ya kuongeza nguvu ya lori lako la dizeli bila kuua giaboksi ya otomatiki. Unanichosha.

Serikali iliporuhusu biashara huria nilinunua pikapu ya dizeli ya otomatiki, mtumba, nikaipeleka iongezwe nguvu. Fundi alinisihi, "Kwanza tufunge rejeta ya kupoza oili ya giaboksi."

Nikamjibu, "Wewe fungua pampu imwage dizeli zaidi kwenye injini, basi."

Wiki ileile bibi yako alishikwa na uchungu wa kuzaa, nikampakia kwenda hospitali Tukuyu. Mlimani injini ilinguruma, giaboksi ikaungua, gari likagoma. Mama yako akazaliwa kando ya barabara, mikononi mwa wanawake waliotoka kuchuma kahawa.

Bibi yako alinitazama, akasema, "Injini yako kweli ina nguvu."

Msikilize fundi wako.

Babu yako