Rejeta Baridi Chumbani kwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujamaliza kusoma, maana mimi mwenyewe nimejicheka mpaka kicheko kimekwisha.

Naishi Hurlingham na mke wangu Wanjugu na binti yetu Ciru, katika nyumba ya zamani aliyotuachia shangazi wa mke wangu, na humo ndani kuna rejeta, si ya gari, ni ile ya chuma inayotundikwa ukutani na kupitishiwa maji ya moto kutoka kwa boila ili chumba kipate joto, nayo ilikuwa sebuleni nyuma ya kochi. Mwezi wa sita mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Kinangop kutibiwa magoti, nami nikasema rejeta ihamie chumba chake. Shemeji yangu Kinyanjui akaniambia, "Masila, wewe ni mtu wa ofisi, ita fundi bana." Nikamjibu mbele ya mke wangu kwamba mabomba ni kazi ya mwanamume wa nyumba.

Nilitazama video mbili, nikanunua spana River Road, nikangoja Alhamisi kwa sababu ndiyo siku yetu ya mgao, maji ya kaunti hayafiki, nikafunga na tangi la juu, nikafungua mfereji wa jikoni ukatoa pumzi tu, nikajua nyumba nzima ni kavu. Mshauri, nilipolegeza nati ya rejeta yalitoka maji meusi yakalowesha zulia, kochi na mimi mwenyewe, kumbe maji yale huzunguka peke yake humo ndani na hayana habari ya mgao. Nikaziba mabomba ya sebuleni, nikaitundika rejeta chumbani kwa mama, nikachomeka vipande vya bomba ukutani na kuvipiga plasta vionekane vimeunganishwa, na Wanjugu aliporudi kutoka kazini akanikumbatia.

Mama ana wiki tatu sasa. Nikiulizwa mbona chuma ni baridi nasema kuna hewa ndani, itatoka. Yeye hutundika sweta yake juu ya rejeta na kumwambia binti yake, "Mkwe wangu amenitengenezea joto," nami nainuka kwenda kuosha vikombe. Jana, Wanjugu akiwa kazini, mama akaniambia polepole, "Baba Ciru, kama kuna jiko ya makaa, niletee tu kwa room. Usisumbue Wanjugu." Jiko liko jikoni. Nimpelekee, au niseme ukweli nionekane mwongo mbele ya ukoo mzima?

Masila, Hurlingham

Masila,

Jiko hilo lisivuke mlango wa chumba hicho. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Leo mpe mama chupa ya maji ya moto na blanketi la pili, na mchana mwekee kiti jikoni mnakopikia.

Sasa nikugombeze. Kosa la maji nimelisamehe, sisi sote mjini hapa tumezoea kwamba tangi likikauka nyumba imekauka. Lakini plasta? Ulikaa chini ukaikoroga kwa mikono yako ili udanganye? Na ni hewa gani hiyo ya wiki tatu?

Halafu unadhani mama hajui. Mtu aliyezoea baridi ya Kinangop ashindwe kutambua chuma baridi! Alijua siku ya kwanza. Ila wewe ni mkwe, na mama mwenye heshima hamuumbui mkwe wake, kwa hiyo anakusifu mbele ya binti yake na anakuomba jiko binti akiwa hayupo. Anakufichia aibu yako huku magoti yakimuuma. Hapo, ndugu yangu, ona haya, lakini pia pata moyo, maana msamaha wake unao tayari.

Jioni hii Wanjugu akishakunywa chai, mpeleke chumbani umwonyeshe plasta. Mwambie mwenyewe kabla fundi hajaibandua. Atafoka, na unastahili kufokewa, kaa usikilize. Kesho ita fundi anayejua boila, si kila mwenye spana. Avute mabomba hadi chumbani, ajaze maji, aitoe ile hewa ya kweli inayonasa ndani, akague kama kuna panapovuja. Boila usiiwashe mpaka aje. Wewe mshikie ndoo na umuulize maswali. Chuma kizito ulichokitundika hakijaanguka, kwa hiyo mikono unayo, kilichokupungukia ni mwalimu.

Mama mwombe msamaha kwa maneno machache, usimhubirie. Na rejeta ikipata joto, usikimbilie kuigusa. Mwite yeye aweke mkono wa kwanza, aseme tena kwamba mkwe wake amemtengenezea joto. Siku hiyo utaweza kuitikia, "Ndiyo, mama."

Mshauri wako, Mama Kaindi