Shangazi Tekla Hatanyolewa

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza barua yako bila shikamoo.

Nimerudi juzi kutoka kozi ya walimu wa baiolojia Dar es Salaam. Songea inabadilika. Maduka ya Majengo yamejaa sukari na sabuni, hakuna tena kupanga foleni, na mitumba imetapakaa sokoni. Ungeshinda huko ukichagua gauni. Ndugu zetu wa Lusewa ndio hawajabadilika. Mjomba Odilo ameamua Jumamosi dada wa marehemu baba, Shangazi Tekla, apelekwe kwa mganga akanyolewe. Unajua maana yake. Nywele zitaota, lakini ataitwa mchawi mpaka kufa, wala hakuna atakayekula naye sahani moja. Wanasema ndiye aliyekutupia lile donge la titi.

Jana nilikwenda Lusewa. Niliwakuta uani wanafunga majani ya tumbaku kwenye fito. Nikawaambia niliyojifunza, na wewe nakuambia vilevile.

Kila seli ya mwili ina jeni, yaani maelekezo ya kazi. Baadhi huiagiza seli igawanyike ziwe mbili, pale tu inapohitajika, kama ulipojikata na jembe na kidonda kikajifunga. Jeni hutengeneza protini, na protini ndizo zinazopeleka amri. Ujumbe ukifika zinawaka, ukiisha zinazimika. Jeni ya namna hiyo ikiharibika huitwa onkojeni. Protini yake haizimiki tena, au hutengenezwa nyingi kupita kiasi. Ni kama ile redio yetu iliyovunjika kitufe, ilikuwa inapiga tu, tutake tusitake. Seli inagawanyika, zinazozaliwa zinarithi kasoro ileile, na vizuizi vingine vya mwili navyo vikishindwa, donge linakua. Lilianzia ndani ya seli yako mwenyewe, Mama. Hakuna aliyelituma.

Mjomba alinisikiliza vizuri, lazima nikiri. Kisha akauliza, "Sasa mpwa wangu, hiyo jeni kaiharibu nani?" Nikasema si mtu. Seli inaponakili maelekezo yake huweza kukosea, na umri ukisogea makosa yanaongezeka. Kwa nini wewe na si jirani, sijui, na mkufunzi wetu naye hakujua. Wakaguna. Kwao hiyo "sijui" yangu ilikuwa ushahidi. Mimi siioni aibu.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka kunivunja moyo. "Waache waninyoe, mwanangu. Nimechoka kukwepwa kisimani." Nikamshika mkono, nikampandisha basi la alasiri. Yuko kwangu Majengo. Mjomba ametuma salamu kwamba Jumamosi watamfuata. Waje. Mlango ni wangu na nitasimama mlangoni.

Ila kuna linaloniuma kuliko Mjomba. Ulipougua, Shangazi aliacha shamba lake wakati wa mavuno akaja kukukanda na kukuosha. Wiki ya mwisho ukageuza uso ukutani, ukaniambia, "Mwondoe wifi yangu humu." Nikamwondoa. Mimi, mwalimu wa baiolojia, nilimfungia khanga zake na kumsindikiza stendi, wala sikumwambia kwa nini. Ndugu waliona. Mjomba hakuanzisha neno hili, Mama. Ulilianzisha wewe, mimi nikanyamaza, na wao sasa wanalimalizia.

Ulikosea. Tangu tukuzike nimeogopa kuliandika neno hilo. Ulikuwa na maumivu yasiyosemeka, ulitaka awepo wa kulaumiwa, na hospitali haikukueleza chochote zaidi ya kukupa vidonge. Naelewa. Nakupenda, na ulikosea. Jumamosi nitalisema hivyo mbele yao wote, hata wakiniita mtoto asiyeheshimu marehemu.

Pumzika, Mama. Siku tukija kujengea kaburi lako, Shangazi Tekla atatangulia kuingia makaburini na mimi nitakuwa nyuma yake. Safari hii simwondoi.

Mwanao,
Rozi