Samaki Waliotolewa Miba

Jumatatu, 3 Julai 1961

Sisimizi. Mstari mrefu kutoka ukutani mpaka pembe ya ukumbi, pale Wakili alipokojoa. Paka wa miaka kumi na mitatu, mwenye adabu kuliko nusu ya wajumbe wa tawi letu la chama, sasa anakojoa ndani! Na sisimizi wameujaa mkojo wake kama wamemwagiwa sharubati.

Anakunywa maji bila kiasi. Leo kamaliza birika langu la udhu. Anakula, anadai tena — ndiyo maana nilimwita Wakili, hanyamazi — na mgongo umebaki mfupa mtupu. Nilidhani wapinzani wamemtia sumu. Nilishaanza kuandika: "Watu hawa hawaoni haya hata kwa wanyama." Aya tatu, nzuri, kali. Kisha nikawaona sisimizi. Nimeichana karatasi. Si kawaida yangu kuchana.

Mwanawema angejua la kufanya. Leo mwezi mmoja kamili tangu nimpe talaka. Moja, ya kurejea. Wazimu wangu una mpaka. Siku ya pili baada ya uchaguzi alinambia mwenyewe, hata sikumuuliza, kwamba kura yake kaitia kwa chama cha kaka yake. Mke wangu mimi! Niliyesimama jukwaani miezi sita! Nikamwambia atoke. Alitoka na sanduku moja. Wakili alimwacha kwangu, alisema mzee yule hawezi tena kuzoea nyumba ngeni.

Eda yake ni miezi mitatu ya mwandamo, maana damu ilishakoma. Inakwisha tarehe 31 Agosti, jua likizama; baada ya hapo simrejei tena kwa neno tu. Nimehesabu basi tu.

Alhamisi, 6 Julai

Nimempelekea Silima, dresa wa dispensari, mkojo wa Wakili katika chupa ya wino. Akacheka mpaka akakaa. "Mwalimu Nyange! Nishapima mashehe, nishapima makarani. Paka leo ndiyo mara yangu ya kwanza." Akautia dawa ya buluu, akachemsha juu ya moto wa spiriti. Ikageuka kijani, ikageuka manjano, ikawa rangi ya tofali.

"Kisukari," akasema. Hakucheka tena. "Unamlisha nini?"

Ninachokula mimi. Mkate wa kuchovya katika chai ya maziwa. Wali wa nazi. Juzi tende mbili, alizipenda.

"Sukari, na sukari, na sukari."

Nilimwuliza sindano. Akasema zinatoka Unguja chache, za watu, na kila moja ina jina la mtu. "Nikimpa paka, wewe mwenyewe utaniandika." Kweli. Ningemwandika! Kilichobaki ni chakula. Wali basi, mkate basi, muhogo, ndizi, maziwa ya sukari, vyote basi. Samaki mtupu wa kuchemsha, kidogo asubuhi, kidogo jioni. Kwa hivyo anaweza kukaa mwaka, labda zaidi.

Samaki! Hapa Chokocho kila mwenye chombo na wavu ni wa upande wao. Na nani aliyeandika "Tusile Samaki Wao"? Kurasa mbili, nakala mia mbili za stensili, zikabandikwa mpaka mlango wa msikiti. "Kila samaki anayenunuliwa kwao ni kura inayotiwa kwao." Sentensi ile watu waliipiga makofi. Niliipenda mno.

Jumapili, 9 Julai

Maji yalipotoka nimekwenda mwambani na mkuki wa kuazima kutafuta pweza. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza wakaacha kazi wanitazame. Mmoja kapaza sauti: "Mwalimu, pweza hawasomi makaratasi! Mfuate chini ya jiwe!" Mwengine: "Mwacheni, anamhutubia kwanza!" Nimekanyaga kitu chenye miiba. Nimerudi na kaa mmoja kadiri ya kifungo cha shati.

Dukani kwa Mbarouk nimechukua samaki wa mkebe. Ndiye katibu wa tawi huyu, na macho anayo. "Mikebe mitatu, Mwalimu?" Nikamwambia nina mgeni. Mgeni karamba ule mchuzi mwekundu wa tungule mara mbili, akautapikia juu ya jarida langu la Kairo.

Jumatano, 12 Julai

Asubuhi barazani, furushi la jani la mgomba, limefungwa kwa ukili. Ndani, samaki wawili, changu, wamechemshwa bila chumvi. Hakuna neno, hakuna mtu.

Mwenye msimamo angelitupa. Wakili alikuwa anazunguka miguuni, anazungumza.

Nimempa.

Jumamosi, 22 Julai

Furushi kila siku, baada tu ya Alfajiri. Wakili hanywi tena kama ng'ombe. Anatoka nje kukojoa. Jana alipanda mezani, akakalia makala yangu, akajiramba. Nimecheka peke yangu nyumba nzima.

Leo ndipo nilipotazama. Samaki wale hawana miba! Hata ule mdogo wa ubavuni hakuna. Mtu amekaa akaitoa mmoja mmoja kwa vidole. Wakili ana meno matatu. Nani mwengine Chokocho nzima ajuaye kwamba Wakili ana meno matatu?

Habari zimemfikia Mwanawema kwa njia gani, sijui. Silima, bila shaka. Au wale wanawake wa chaza.

Nilitaka kuandika shukrani niiweke barazani pale pale. Zimetoka kurasa nne. Tatu na nusu zinahusu uchaguzi. Sikuziweka.

Jumanne, 1 Agosti

Mkutano wa tawi. Mbarouk kaja na jina: Mzee Himid, mtu wetu tangu mwanzo, kaonekana pwani akinunua samaki kwao. Mkewe hajiwezi, hakimshuki kooni kitu isipokuwa supu ya samaki. Wakasema msimamo ni msimamo. Aandikwe, iwe funzo. Wote wakanigeukia mimi. Kalamu ni yangu.

Ningeweza kusema neno. Mimi niliyembishia bwana wilaya mbele ya watu!

Nitaliandika hapa lilivyo, maana hakuna atakayelisoma. Nilirudi nyumbani nikakuta furushi la asubuhi limebaki nusu. Nikamlisha Wakili. Nikanawa mikono. Nikakaa, nikaandika jina la Mzee Himid.

Ijumaa, 4 Agosti

Karatasi imetoka jana. Leo barazani hakuna kitu.

Jumatatu, 7 Agosti

Hakuna.

Mayai mabichi, anayakubali kidogo. Kuku mmoja nimemchinja, kamla siku mbili. Kuku wa kijiji kizima siwezi.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimekutana na Mzee Himid njia ya kisimani. Tangu Ijumaa watu wanampita hawamwitikii salamu. Nilitaka kukata kona, nikachelewa.

"Asalaam aleikum, Mwalimu."

Nikaitikia.

"Paka hajambo?"

Hakukejeli. Aliuliza kama mtu anavyouliza mgonjwa. Anajua! Nyumba yake inaitazama baraza yangu, na yeye huamka kabla ya adhana. Kaliona lile jani siku zote ishirini na ushei. Hakumwambia mtu.

Nikamwambia hajambo kidogo. Akasema, "Alhamdulillahi," akaenda zake na ndoo.



Jumatano, 16 Agosti

Wakili anakunywa tena maji. Miguu ya nyuma imelala. Anakanyagia kisigino kizima kama mzee aliyevaa makubadhi yasiyo yake. Mezani hapandi. Anasimama chini anaitazama meza.

Njiani nimemkuta Jecha, kaka yake Mwanawema, na makasia begani. Hatujasemezana tangu Juni. Leo nilisema mimi kwanza.

"Samaki wamekoma."

"Samaki wapo baharini tele," akasema. "Wa dada yangu ndio waliokoma. Kasomewa karatasi yako, ile ya Mzee Himid. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema basi."

Kasomewa. Miaka ishirini nimefundisha watoto wa watu kusoma, mke wangu sikumfundisha.

Nikamwambia Jecha paka ni mgonjwa, sikujua kuwa ni mgonjwa mpaka Julai. Hapo akashusha makasia.

"Hukujua? Yakhe, yeye kawaona wale sisimizi tangu mwaka jana! Kaja kwako kakwambia: 'Mwalimu, mkojo wa Wakili unapandwa na sisimizi, huyu ana sukari kama marehemu mama.' Unajua ulimjibu nini? Ulisema 'mm.' Ulikuwa unaandika. Basi kamlisha mwenyewe mwaka mzima, samaki mtupu, wali hampi, na wewe unamcheka, ati paka wa bwana mkubwa."

Nakumbuka kumcheka. Kuambiwa sikumbuki. Nimejaribu njia nzima kukumbuka, sikumbuki hata kidogo.

Alhamisi, 24 Agosti

Maulidi. Mawili, katika kijiji kimoja! Sisi msikiti wa juu, wao msikiti wa pwani, Mtume mmoja.

Nilipotoka nimeteremka pwani mchana kweupe, na kofia yangu na koti langu, nikasimama mbele ya vyombo. Nikasema nataka samaki. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Mwishowe mmoja, kijana niliyemfundisha mwenyewe hesabu za mafungu: "Mwalimu, kila samaki anayenunuliwa kwetu ni kura inayotiwa kwetu. Sasa wewe kura yako tunaijua. Hatutaki kukuharibia."

Neno kwa neno! Wengine wakacheka. Jecha hakucheka. Alikuwa anakamua maji kwenye shati, akanipa mgongo.

Ningekuwa na hamu ya kubishana ningemsifu kijana yule. Hoja safi.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimekwenda tawini. Nimewaambia karatasi ya Mzee Himid ilikuwa makosa na niliyeiandika ni mimi, nami nilikuwa nikila — paka wangu alikuwa akila — samaki wale wale. Kisha Mbarouk: "Mwalimu umechoka. Nyumba haina mwanamke." Wakaingia ajenda ya pili.

Hawakukasirika hata! Nilijiandaa kwa matusi, nikapewa huruma.

Jumanne, 29 Agosti

Wakili hali. Yai kaligeuzia uso. Pumzi yake ina harufu ya embe lililopita kiasi.

Silima kamnusa, kamfunika tena kitambaa. Siku mbili, labda tatu, kasema. Nimemwuliza, akipata samaki? Kasema sasa hata samaki hajui. Lakini kama yupo mtu ambaye mkononi kwake atakula, basi jaribu.

Alhamisi, 31 Agosti

Naandika kwa penseli, barazani kwa Jecha. Daftari huwa mfukoni, na mikono lazima ifanye kitu.

Nimetoka baada ya Alasiri, Wakili ndani ya kikapu juu ya kanga kuukuu ya Mwanawema. Nimepita katikati ya kijiji. Mbarouk katoka dukani: "Wapi na kikapu, Mwalimu?" Kwa Jecha. "Kwa Jecha?" Nikamwambia masikio yake mazima. Mzee Himid alikuwa mlangoni kwake. Kanyanyua mkono tu.

Jecha kanitazama kutoka miguuni mpaka kofiani.

"Shemegi," nikasema.

"Shemegi wa zamani. Umekuja kwa paka au kwa mtu?"

Mimi! Ambaye makala zangu watu huzijibu wiki nzima baadaye! Mwanawema katoka kabla sijafungua kinywa. Kakonda. Hakunitazama. Kakipokea kikapu, kainamia, kanusa mdomo wa Wakili, kafumba macho.

"Mara ya mwisho kala nini?"

"Maji tu, tangu juzi."

Kaingia naye ndani. Pazia likashuka.

Jecha kachukua kofia aende msikitini. Alipofika njiani kageuka. "Jua halimngoji mtu. Mwenye la kusema aseme." Kumbe naye amehesabu.

Nimebaki peke yangu. Nasikia kijiko katika bakuli, na sauti yake ndogo, ile ya kumbembeleza Wakili tu. Sasa hivi Wakili kajibu! Mara moja, sauti kama ya mlango mkavu. Hajasema kitu tangu Jumanne.

Njia nzima nimetunga la kumwambia. Nilikuwa na hotuba tatu. Zote zinaanza na "Pamoja na hayo". Na linalotakiwa ni neno moja, nimelifundisha hata katika darasa la fikihi: nimekurejea. Nimeliandika hapa. Lina sura nzuri. Hawezi kulisoma, na karatasi haitoi sauti.

Kijiko kimenyamaza.

Wakili pia.

Jua limefika vichwani mwa minazi. Bado lipo. Lipo kidogo.

Pazia limefunguka. Amesimama mlangoni, kijiko mkononi, ananitazama kwa mara ya kwanza tangu nije. Macho yamelowa, au ni moshi wa jikoni. Anasema, "Mwalimu. Bado unaandika?"

Nimesema "mm."

Ya Rabi, nimesema "mm" — na bado amesimama, hajaingia, na mimi mkono wangu unaiachia penseli —